Siku Nilipolala Kaburini kwa Mtani Wangu

Hii habari inanifanya nionekane bwege, nakubali mapema. Pale Mikumi ninapoziba pancha za malori nimeshaisimulia mara nyingi kwa kuichekesha. Watu wanashika mbavu, mimi navuta tairi linalofuata. Leo nimechoka kuichekesha. Naiandika ilivyokuwa, kwa elimu yangu ya darasa la saba, na atakayeona makosa anyamaze tu, mwalimu wangu alishachoka kabla yake.

Aliyekufa alikuwa mtani wangu. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani toka enzi za mababu, nani alimwibia nani kuku wa kwanza hakuna anayejua. Kwao ni kijijini, katikati ya Mikumi na Kilosa. Alikuwa jeshini, upande wa tiba. Daktari hasa hakuwa, ila kijiji kizima kilimwita dokta, kwa sababu akija likizo ile baraza ya mama yake inageuka zahanati. Mwenye jipu yupo, mwenye mtoto anayekohoa yupo, mwenye kizunguzungu ambacho ni njaa tu naye yupo. Anawatazama wote, amevaa kaptula na kandambili, na wengi anawaambia neno lilelile: "Kunywa maji, pumzika, kesho kutwa hujapona nenda zahanati."

Kazi yake huko jeshini alinieleza siku moja. Mwenzao akipigwa, wengine wanalala chini, yeye anainuka na begi anamfuata. Nikamwambia, "Yaani hata nyumbu wa hifadhini ana akili kukuzidi. Nyumbu akisikia simba anaelekea upande mwingine." Akacheka sana. Akasema, "Ndiyo maana nyumbu hapewi mshahara."

Mimi alinishona mkono. Chuma cha kufungulia tairi kiliteleza kikanichana hapa chini ya kidole gumba, na bahati yeye alikuwa ameshuka kwenye basi, anasubiri usafiri wa kwenda kwao. Akafungua begi palepale juu ya ndoo yangu ya kupimia pancha.

"Ganzi ninayo," akasema, "ila hii ni ya serikali, ukoo wenu haumo kwenye orodha."

"Nishone tu, mchawi wewe. Damu yangu ikikurukia ndiyo utapata akili."

Ganzi akaichoma, tena polepole, huku ananiuliza mambo ya mpira ili nisiangalie sindano. Nyuzi sita. Akaniambia nisiloweshe mkono siku saba, na mimi jioni ileile nikaoga. Ndivyo tulivyokuwa, yeye na mimi.

Halafu wakampeleka nje, ng'ambo, kwenye kulinda amani. Nchi yenyewe siitaji, maana hata nikijaribu naikosea. Alinipigia mara mbili. Mara ya kwanza analalamika chakula hakina pilipili. Mara ya pili simu inakatakata, nikasikia "mtani" na "mvua" basi.

Habari ililetwa na baba yake mdogo. Ndiye aliyepigiwa na jeshi, kwa sababu baba mzazi alishafariki. Gari la wagonjwa alilokuwamo lilipigwa likiwa linarudi na majeruhi. Nilifunga kijiwe, nikapanda bodaboda, nikafika nikiwa na mafuta mikononi. Mtani hasubiri kualikwa msibani. Kazi yake inajulikana: kuwachekesha wafiwa wasije wakaenda na marehemu, kuchimba kaburi, kumuigiza marehemu, na kuudhi watu kidogo. Mwenye msiba hana ruhusa ya kumfukuza.

Siku ya kwanza nilikuwa moto. Nilivaa kaptula ya marehemu, nikakaa barazani nikaita foleni. Nikamshika mjomba mmoja tumbo, nikamwambia una mimba ya miezi minne, kunywa maji pumzika. Bibi mmoja akauliza amefia wapi, wakamwambia ng'ambo. Nikadakia, "Ng'ambo gani? Ulaya? Ulaya si hapo tu, bodaboda anatufikisha sasa hivi tukamchukue!" Kwetu kuna kata inaitwa Ulaya, ipo njia hiyohiyo ya Kilosa. Watu wakacheka huku wanafuta machozi, ndivyo inavyotakiwa. Hata mama yake alitikisa kichwa akasema, "Huyu mbwa huyu."

Shida ni kwamba msiba wa kwetu ni siku tatu. Mwili upo, unazikwa, mtani anasumbua, tanga linaanuliwa, kila mtu anarudi shambani. Huu mwili haukuwepo. Baba mdogo anapiga simu, anaambiwa kesho. Kesho anaambiwa karatasi bado. Keshokutwa anaambiwa ndege. Siku ya tano, ya sita. Turubai likapasuka kwa upepo tukalishona. Wanawake waliopika wakabadilishana zamu, mimi wa kunibadilisha hakuna, mtani wa rika langu nilikuwa peke yangu. Wale wenzangu wa ukoo walikuja siku mbili wakarudi kwenye mpunga wao Tindiga, maji yalikuwa yamefika.

Utani una mwisho kama kinywaji chochote. Kaptula niliivaa mpaka haikuchekesha tena. Siku ya saba nilimshika yule mjomba tumbo, akanitoa mkono taratibu tu, akasema, "Mwanangu, kaa chini." Usingizi nao, tunalala nje kwenye mikeka, nikifumba macho kuna mtu anawasili analia upya, inabidi niamke nimpokee na neno la kuchekesha. Maharage tumekula mpaka tukawa tunayachukia. Na hakuna aliyekuwa analia tena vizuri, wala kucheka vizuri. Tumekaa tu, kama abiria wa basi lililoharibika.

Siku ya nane mama yake akaniita jikoni, kwenye kile kibanda cha nyuma. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia kwa ile yetu.

"Shikamoo mchawi."

"Marahaba mwizi. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Shemeji yangu ameongea na jeshi," akasema. "Sanduku linakuja limefungwa. Wamesema halifunguliwi. Na yeye amekubali."

Nikaokota chuya moja kwenye ungo wake, nikaitupa.

"Mimi nataka nimwone uso. Sitaki kingine. Nitajuaje ni yeye? Hizi siku nane nakaa hapa nawaza labda wamekosea, labda ni mtoto wa mtu mwingine, wangu yupo huko na begi lake. Nikimwona nitanyamaza. Lakini nikisema mimi, watasema ni uchungu wa mama, watanishika mikono wanipeleke ndani. Wewe hawawezi kukushika."

Nilielewa anachotaka kabla hajamaliza. Kwetu mtani akiingia kaburini kabla ya marehemu, maziko yanasimama. Anaulizwa unataka nini, anasema, anapewa, anatoka. Wengine wanataka jogoo, wengine pombe, mmoja nilimwona anataka shemeji yake acheze. Ila ni kitu kimoja tu, kile atakachokitamka kwanza. Akishapewa haombi cha pili. Hiyo hata mtoto anaijua.

"Nitaingia," nikasema. "Nitawaambia mama amwone mwanaye, bila hivyo wanizike mimi."

"Usije ukaleta masihara."

"Mtani, niachie mimi."

Niachie mimi! Hilo neno ningeweza kulirudisha mdomoni ningelirudisha.

Siku ya kumi wakasema mwili umefika Morogoro, kesho unakuja. Tukachimba. Udongo wa pale juu ni mwekundu, ukishapita kiuno unakuwa mgumu kama tofali, tulichimba kwa sururu kuanzia asubuhi hadi jua linazama, vijana wanne, na mimi ndiye niliyekuwa chini muda mrefu kwa sababu ni wajibu wangu. Sikulala tena. Mikono ilikuwa inawaka.

Siku ya maziko, kama saa nne asubuhi, wakatangulia wanajeshi wachache kupanga mambo. Wakapima njia ya kupita, wakafunga kamba, wakasema raia wakae huku. Nikaona hapo patakuwa pagumu. Hawa wakishapanga mistari nitapenyaje? Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa wilaya. Nikasubiri wameenda kunywa chai, nikachukua kipande cha mkeka, nikaruka kamba, nikaingia kaburini. Mwili ulikuwa ufike saa sita. Masaa mawili nitakaa, kitu gani.

Sasa nikuambie kitu kuhusu kaburi. Ndani ni baridi. Juu jua linachoma, watu wanapepea kanga, chini kule kuna ubaridi wa mtungini, na kelele zote zinakuwa mbali. Nilikaa. Nikajifunza maneno yangu: mama amwone mwanaye. Mama amwone mwanaye. Halafu nikajinyoosha kidogo, mgongo tu.

Baadaye ndiyo niliambiwa msafara ulichelewa. Lori lilikuwa limeanguka pale hifadhini, likaziba barabara, wakafika saa tisa. Ibada ikafanyika uwanjani pale nyumbani, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri, afande akasoma wasifu wa marehemu. Mama yake, waliniambia, alikuwa mtulivu kabisa, watu wakashangaa. Mchungaji akamsifia kwa imani. Mimi najua alikuwa ananitegemea mimi. Yote hayo sikuyasikia. Jeneza likabebwa na wanajeshi sita, wanapiga ile hatua yao ya polepole, mpaka kaburini.

Nilichosikia mimi ni mwanamke aliyepiga ukelele. Nikafumbua macho. Nikaona mbingu yenye pembe nne, na kuizunguka vichwa, na kofia za jeshi. Sikujua niko wapi. Nilijua tu mdomo umekauka, ulimi umeganda juu kama kiraka.

"Nani huyu?" sauti ikauliza.

"Mtani huyo, afande," baba mdogo akajibu haraka, kwa aibu. "Ni mila yetu. Mwulize anataka nini, atatoka."

Alichofanya yule afande sikukitegemea. Alikuwa mtu mzima, ana mvi hapa pembeni. Alivua kofia akaikumbatia kwapani, akachuchumaa ukingoni, viatu vyake vimeng'aa karibu na uso wangu. Inaonekana na kwao wana watani. Akaniuliza kwa upole, tena kwa heshima yote, kama ananiuliza hali:

"Mtani, tumemleta ndugu yako. Unataka nini ili utupishe?"

Nikasema, "Maji."

Kwa nini? Nilikuwa na kiu. Jibu lingine sina, nimelitafuta mwaka mzima.

Watu wakacheka. Si kicheko kidogo. Siku kumi na moja za kuchoka zilitoka mara moja, watu wazima wameshikana mabega, hata wale sita waliobeba jeneza nikaona mmoja anauma midomo. Walidhani nafanya utani. Walidhani namuigiza marehemu, kunywa maji, pumzika. Wengine mpaka leo wananisifia, eti ule ndio ulikuwa utani mkubwa kupita wote, na mimi siwakatalii. Chupa ikatoka kwa mtu, ikapita mikononi, afande akanishushia mwenyewe. Nikainywa yote. Na ile chupa ilipokuwa inaishaisha, akili ikarudi, nikakumbuka nilichoingilia mle ndani.

Nikamtafuta mama yake kwenye vile vichwa. Alikuwa amesimama miguuni kwa jeneza. Yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia, na mkono mmoja ameuweka juu ya bendera iliyolifunika, kama mtu aliyeshika mlango unaotaka kufunguliwa.

"Afande," nikasema, "mimi nilikuwa nataka..."

"Umeshapewa," baba mdogo akasema.

"Sikiliza baba, mama yake..."

"Mtani, umeshapewa. Toka."

Na ni kweli, nilikuwa nimeshapewa. Watu wote wameona. Vijana wawili nilioshinda nao jana tunachimba wakanipa mikono, wakanivuta juu. Nilisimama pembeni na chupa tupu. Nilitegemea mama yake aseme neno mwenyewe, apige kelele, ajitupe. Aliutoa mkono kwenye bendera. Wakaikunja ile bendera, kona kwa kona, wakampa. Jeneza likashuka. Zikapigwa risasi za hewani, mbwa wote wa kijiji wakakimbilia porini. Nikachukua koleo nikafukia, kwa sababu ni wajibu wangu, na kila koleo nililotupa nilijua nafukia nini.

Tanga lilipoanuliwa niliondoka bila kuaga. Nikarudi Mikumi kwenye matairi yangu. Kijiwe changu kiko kwenye njia ya kila mtu, kwa hiyo habari ilinifuata, na nilipoona watu wanacheka nikaanza na mimi kuisimulia kwa kuchekesha. Lakini kule kwao sikwenda. Barabara ya Kilosa nikawa naiona kama ya watu wengine. Mteja akinipa kazi ya upande ule namwambia nimejaa. Wiki zikapita, mahindi yakakomaa, yakavunwa. Mama yangu akawa ananiuliza, "Umeenda kumwona mtani wako?" Namjibu kesho. Nilikuwa nimejifunza kesho ya jeshi.

Siku moja Jumapili nikachoka kuogopa. Kuogopa nako ni kazi. Nikapanda bodaboda, nikafika mchana, nikamkuta amekaa chini barazani, palepale penye foleni ya wagonjwa, anapukuchua mahindi. Amekonda. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Shikamoo," nikasema. Ya kawaida. Ile ya mchawi ilinishinda.

Akakaa bila kuitikia. Punje zinadondoka kwenye sinia. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito, unaweza kusimama pale mpaka ukaota mizizi.

"Shikamoo ya nani hiyo?" akasema mwishowe. "Wewe ni mkwe wangu?"

"Shikamoo mchawi."

"Marahaba mwizi. Chukua hindi hapo, usisimame kama mlingoti."

Nikakaa, nikachukua hindi. Tukapukuchua. Nikamaliza la kwanza, la pili, la tatu. Nikasema, "Mtani, mimi nililala. Sikufanya utani. Usingizi ulinichukua, na nilipoamka nilisahau. Nimekuja unitukane."

"Najua ulilala. Ulikuwa na alama za mkeka shavuni."

"Ningesema lile neno wangefungua?"

"Sijui." Akapuliza makapi. "Yule afande alikuja jikoni kuniaga. Nilitaka kumwuliza ndani mle kuna nini. Nikamwuliza kama amekula."

Nikaendelea kupukuchua, gumba linauma. Yeye ndiye aliyeongea, bila kuniangalia, anachagua mahindi yaliyotobolewa na wadudu anayaweka pembeni.

"Usingizi wangu umekuwa mbaya," akasema. "Nikiukosa naanza kukutukana. Naanza na wewe, nakuja kwa mama yako, namalizia kwa bibi yako aliyekuwa mchoyo wa chumvi, mpaka nasinzia. Waliomuua mwanangu siwajui, na hiyo nchi yao jina linanishinda. Hao wa karatasi na ndege pia siwajui. Wewe nakujua, na nyumba yenu naijua. Sasa miezi yote hii huji. Nimtukane nani, mtu ambaye hata sura yake nimeanza kuisahau? Jumapili ijayo uje, na uje na hiyo mikono, kuna magunia mengine mawili ndani."